Ruzuku ya sera ya kunasa kaboni: masharti niliyokutana nayo

Umeuliza kama shirika lenu dogo la Nakuru lijiunge na muungano wa tabianchi unaolipiwa na wakfu wa Marekani kushughulikia sera ya kunasa kaboni (yaani kukamata hewa ukaa, ile inayopasha dunia joto, na kuizika ardhini), na kama fedha hizo zina masharti. Zina, ndugu. Nimekaa sekretarieti ya muungano wa aina hiyo miaka mitatu, nikishika bajeti na kuitisha mikutano.

Hakuna aliyetuambia tuseme nini. Kilichotusumbua ni sheria ya kodi ya Marekani: wakfu binafsi ukitenga ruzuku ya kushawishi wabunge kuhusu muswada, unatozwa kodi ya adhabu. Kwa hiyo mkataba uliruhusu utafiti, mafunzo na mikutano, lakini si kumwambia mbunge "pitisha kifungu hiki". Mlango uliobaki ni kamati ya Bunge ikuombe ushauri kwa maandishi. Sasa Bunge letu likitangaza gazetini kwamba linapokea maoni ya umma, hayo ni maombi ya maandishi? Mwanasheria wao alilitafakari swali hilo siku 10, nasi muda wa kuwasilisha ulikuwa siku 14. Memoranda niliipeleka kwa mkono siku ya mwisho jioni, karani ameshashika funguo.

Halafu kuna mfano wao wa nyumbani. Marekani, muungano ulioanza mwaka 2011 uliketisha meza moja kampuni za mafuta na makaa ya mawe, vyama vya wafanyakazi na baadhi ya wanamazingira, wote wakidai kitu kimoja: nafuu ya kodi iitwayo 45Q. Iliongezwa 2018, na 2022 ikafika dola 85 kwa tani inayonaswa kiwandani na kuzikwa, dola 180 kwa inayovutwa hewani. (Walianza na kutumia hewa ukaa kusukuma mafuta yatoke visimani, ndiyo maana wanamazingira wengine hawataki hata kuwasikia.) Wafadhili walidhani nasi tutaketi hivyo hivyo. Lakini umeme wetu mwingi ni wa mvuke wa ardhini, maji na upepo. Moshi wa kugombania ni mchache. Kinachozungumzwa huku ni mitambo ya kuvuta hewa ukaa angani, kama ya Octavia Carbon kule Gilgil kwenu, na kuizika kwenye miamba ya volkano ya Bonde la Ufa. Na ukishataja Bonde la Ufa umetaja ardhi.

Hilo nililielewa barazani, karibu na Naivasha. Mtaalamu wetu alipomaliza picha zake, mzee mmoja wa Kimaasai aliinuka, akaegemea fimbo: "Hiyo hewa mtaizika shamba la nani? Na ng'ombe wapite wapi?" Mtaalamu akaanza kueleza basalti, ule mwamba wa volkano. Mzee akaketi, akamnong'oneza jirani yake, safu nzima ikaangua kicheko.

Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ilirekebishwa Septemba 2023: mradi wa kaboni unaotegemea ardhi uipe jamii angalau asilimia 40 ya mapato, usiotegemea ardhi asilimia 25. Mtambo wa kunasa hewa uko kundi lipi? Kabla ya kanuni za 2024 kutoka tulibishana mikutano minne. Wenye kampuni walitaka asilimia 25, mashirika ya wafugaji asilimia 40, na sisi wa sekretarieti tukinywa chai kimya, maana mshahara wetu ulitegemea "makubaliano ya pamoja" yaliyoandikwa kwenye ripoti.

Na nauli! Wazee walikuja kwa bodaboda, mkaguzi akataka risiti. Baada ya barua pepe nyingi akakubali ujumbe wa M-Pesa. Hoteli ya Nairobi, yenye bili mara 20 ya nauli hizo, haikuulizwa swali.

Mimi ningejiunga, ila kwa barua inayosema mnaweza kupinga msimamo wa muungano hadharani, na nauli za vijijini ziwemo kwenye bajeti tangu mwanzo. Waulize pia nani atalipa sekretarieti ruzuku ikiisha. Yetu iliisha Desemba, na kilichobaki ni kundi la WhatsApp la kutakiana Krismasi na Idi. Ukitaka fomu yetu ya nauli niandikie faraghani. Ina safu ya namba ya bodaboda na ya alama ya kidole gumba.