Tarehe za Kiitaliano: kuandika rahisi, kusikia ndiyo kazi

Ndugu mnaouliza kama tarehe za Italia zitawasumbua mkija: kwenye karatasi hapana. Mpangilio ni kama wetu, siku, mwezi, mwaka. Tarehe 3 Mei 1998 ni 03/05/1998, na kwa mdomo ni il tre maggio millenovecentonovantotto. Mwaka hutamkwa mzima, haukatwi 19 na 98 kama kwa Waingereza. Tarehe 1 tu ndiyo husemwa "ya kwanza", il primo. Nyingine zote ni namba za kawaida. 8 na 11 huanza na irabu, hivyo il hufupishwa kuwa l': l'otto, l'undici. Ukitanguliza siku ya wiki, il inaondoka: martedì 3 maggio. Mkiona il martedì, hiyo ni kila Jumanne.

Kwenye simu ndipo watu wanapopotea. Giugno (Juni) na luglio (Julai) zinafanana masikioni, kwa hiyo rudia mwezi kwa namba: sei (6) au sette (7)? Mar kwenye kalenda inaweza kuwa martedì au marzo (Machi), na mer ni Jumatano. Saa nazo msisahau: alle dieci asubuhi ni saa nne yetu, si saa kumi.

Wiki zao zina hesabu ya ajabu kidogo. Ukiambiwa Jumanne urudi oggi a otto, yaani "leo kwa nane", usirudi Jumatano. Wanahesabu na siku ya leo, kwa hiyo ni Jumanne ijayo. Vivyo hivyo tra quindici giorni, "baada ya siku 15", kwa kawaida ni wiki mbili kamili. Lakini kwenye barua ya serikali hesabu ni ya kweli: aliyeingia kwa viza ya muda mrefu huomba kibali cha kuishi entro otto giorni lavorativi, ndani ya siku nane za kazi. Habari zikisema la notte tra il 4 e il 5, ni usiku wa kuamkia tarehe 5.

Kuna na codice fiscale, namba ya mlipakodi, inayobeba tarehe ya kuzaliwa. Mwezi huandikwa kwa herufi, Mei ni E, na mwanamke huongezewa 40 kwenye siku. Dada aliyezaliwa tarehe 3 Mei 1998 atasoma 98E43, na ni sahihi, asiende kulalamika. Kaka akikuta 43 kwenye yake, arudi dirishani siku hiyo hiyo.