Re: Kwa nini Cignetti kapewa kocha bora?

Mkuu umeuliza iweje Curt Cignetti wa Chuo Kikuu cha Indiana awe kocha bora wa futiboli ya Kimarekani ya vyuo, tuzo ya shirika la habari la AP, mwaka 2024 wakati hata ubingwa hakuchukua. Sikia, wanaopiga kura ni waandishi wa michezo na hao hawahesabu makombe, wanaangalia umeitoa timu wapi. Indiana 2023 walishinda mechi 3 wakapigwa 9, aibu tupu, jamaa akatua toka chuo cha James Madison kabeba na wachezaji wake 13, msimu wa kwanza tu kashinda 11 kapoteza 2, tena alianza na 10 mfululizo, chuo kile hakikuwahi kuona kitu hicho. Na waliomfunga? Ohio State na Notre Dame, haohao waliokuja kukutana fainali. Sasa we ungempa nani?