Swali lako kuhusu moyo wa baba yako

Mwanangu Salim,

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Unauliza: "Mama, baba alifariki kwa moyo akiwa na miaka 47. Na mimi zamu yangu inakuja?"

Ulikuwa na miaka 11, tukakwambia presha ilipanda. Wengine walisema karogwa, nami nikanyamaza, sikuwa na nguvu za kubishana msibani. Mshipa wa moyo uliziba. Ndivyo daktari alivyoniambia.

Baba hukumchagua, wala miaka huwezi kuizuia. Kwa mwanamume hatari huanza kupanda akifika kama 45. Sisi wanawake huchelewa kidogo, lakini hedhi ikishakoma tunawafuata mbio (nami nimeshapima, usidhani nakuhubiria tu). Lakini kwako wewe kubwa ni ukoo. Madaktari huuliza kama mzazi au ndugu wa tumbo moja aliugua moyo mapema: mwanamume kabla ya miaka 55, mwanamke kabla ya 65. Baba yako yumo. Babu yako aliyeanguka shambani akiwa na miaka 81 mtoe kwenye hesabu, ule ulikuwa uzee.

Kuna pia lehemu (kolesteroli, mafuta ya kwenye damu) nyingi ya kurithi, ile inayotoka kwenye vinasaba. Mzazi akiwa nayo, kila mtoto ana nafasi moja kati ya mbili ya kuipata, awe mnene au mwembamba kama wewe. Haiumi, haionekani, na dawa zake zipo. Baba yako hakupimwa hata siku moja. Damu yake hatunayo tena, yako ipo.

Baba yako mdogo husema "ndiyo damu yetu", huku anawasha sigara ya pili. Mwache na maneno yake. Damu hiyo hiyo ndiyo sababu ya wewe kupima sasa, una miaka 34, usingoje 50 kama rafiki zako: lehemu, presha, sukari. Na kwa daktari usiseme "baba alikuwa na presha" kama tulivyokufundisha. Taja umri wake, taja mshipa ulioziba.

Dada yako nimemwambia pia. Ameshakwenda kutoa damu. Aliporudi akaniuliza kwa nini nilikaa kimya miaka 23, na hilo nitawajibu nyote wawili ukija Tanga.

Mama yako