Mama anafoka benchini, mtoto anayumba kwenye boriti

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni kijana wa miaka 26, nafundisha watoto jimnastiki hapa Dar, Jumanne na Alhamisi jioni na Jumamosi asubuhi, tunakodi ukumbi, watoto wako 22 wengi wao miaka 6 mpaka 12. Watoto hawana shida kabisa, shida ni wazazi yaani mpaka nawaza kuacha. Kuna mama mmoja ana binti wa miaka 9, anakaa benchi la mbele na simu anarekodi mwanzo mwisho, mtoto akikosea anamfokea palepale "nyoosha mguu, si nilikwambia!", halafu saa 5 usiku ananitumia klipu za watoto wa China anauliza kwa nini wa kwake hajaanza kubinuka kinyumenyume wakati mwenzake keshaanza. Wiki iliyopita mtoto kaja anachechemea, namuuliza ananiambia nyumbani mama na dada wa kazi walimkandamiza mapaja ili msamba ushuke, yaani miguu itanuke mpaka chini. Nikamwambia mama, akanijibu mimi ndo nalipa ada. Kuna na baba mwingine alitununulia magodoro mawili, sasa anataka mwanae awekwe mbele kwenye kila onyesho. Nimefikiria niwafungie wazazi wote nje, waje kuchukua watoto muda ukiisha. Nifanyeje Mwalimu?
Kocha kijana, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana. Hayo ya klipu na magodoro tutayafikia, ila hilo la mtoto kukandamizwa ndo la kwanza na halisubiri Jumamosi. Ukimaliza kusoma hapa mpigie huyo mama, usimwandikie, mpigie. Mtoto wa miaka 9 mifupa yake bado inakua, na pale msuli wa nyuma ya paja unaposhika chini ya kalio pana sehemu laini ambayo ikilazimishwa inaweza kubanduka na kipande cha mfupa. Mtu mzima akivutwa hivyo anachanika msuli, mtoto anaweza kung'oka mfupa. Mwambie hivyo hivyo kwa lugha ya nyumbani, mwambie na mtoto aende hospitali akaangaliwe, na asirudi kwenye msamba mpaka atembee bila kuchechemea. Akikujibu tena habari za ada, mwambie mama ada yako naiheshimu lakini mtoto anayechechemea simpandishi kwenye boriti, ule mti mwembamba wa kutembelea juu, hata ukilipa ya mwaka mzima. Ukiona amerudi kufanya tena na mtoto anaumizwa, hapo si mambo ya ukocha tena, unaenda ustawi wa jamii, na usione aibu.

Sasa mlango. Nakuelewa kabisa maana hata mimi nilishawahi kutamani kuufunga, ila nakuomba usiufunge. Mchezo huu una kidonda. Marekani kulikuwa na daktari wa timu ya taifa ya jimnastiki, Larry Nassar, aliyedhalilisha mabinti kwa miaka mingi akisingizia ni matibabu, na Januari 2018 wanawake na wasichana zaidi ya 150 walisimama mahakamani au kutuma maneno yao, wakaeleza alichowafanyia. Wengine wao mama zao walikuwa chumba kilekile, yeye akajiweka katikati ili mzazi asione. Nikikumbuka hilo siwezi kumshauri kocha yeyote afunge mlango wa ukumbi wenye watoto, awe mtu mzuri kiasi gani. Na wewe ni kijana wa kiume, kazi yako inakulazimisha kumshika mtoto, anapojifunza kubinuka nyuma mkono wako mmoja uko mgongoni kiunoni na mwingine nyuma ya paja, sasa mzazi asipoelezwa hayo mapema na asipoyaona kwa macho yake unategemea nini. Waite wote siku moja, waonyeshe kila mkono unakaa wapi na kwa nini, fanya na mtoto mmoja mbele yao. Halafu benchi lirudishwe ukutani upande ule mtoto akiwa juu ya boriti anawapa mgongo. Waone kila kitu, wasisikike.

Hilo la kuwapa mgongo usilidharau. Nilikuwa na binti mmoja, boriti unaijua upana wake sentimita 10 tu, kila akitaka kugeuka alikuwa anatupa jicho benchini kwanza kumtafuta mama yake ndo anageuka, na kila mara anayumba. Nilifikiri ni miguu, nikahangaika na miguu yake miezi miwili! Siku mama amesafiri kaja shangazi, mtoto kageuka mara nne bila kutetereka. Niliporudisha benchi ukutani sikumwambia mtoto chochote.

Kuhusu huyu mama mwenyewe, usimchukulie kama adui. Mara nyingi mzazi anayefoka ana hofu, na hofu yake inatokana na kutojua. Anaona klipu, anaona mwenzake kabinuka, hajui ndani ya kubinuka kule kuna nini. Mkalishe, si mbele ya wazazi wenzie na si dakika ile mazoezi yameisha watu wanatafuta viatu, mpangie siku. Anza na kitu kizuri cha kweli ulichokiona kwa mtoto wiki hiyo, kisha mwonyeshe hatua: kwanza mtoto apige daraja, yaani ajipinde tumbo juu, viganja na nyayo chini, mikono imenyooka na mabega yamefunguka, asimame kwa mikono ukutani akihesabu bila kiuno kubonyea, aruke kinyumenyume kwenye godoro laini ukiwa umemshika, ndo baadaye abinuke peke yake. Mwambie mwanao yuko hapa, kilichobaki ni hiki. Asiyejua ngazi ziko ngapi lazima alalamike kwamba mtoto hapandi.

Nakumbuka mama mmoja alikuwa analalamika binti yake mvivu, hataki kukimbia kuelekea kwenye farasi wa kurukia, ile meza wanayoiruka kwa kuisukuma kwa mikono, anatembea kwa vidole. Mtoto ana miaka 10. Nikamwambia mama njoo hapa, mshike kisigino, kibonyeze taratibu kwa pembeni pande zote mbili. Kakibonyeza kidogo tu mtoto kavuta mguu machozi yanamtoka. Maumivu ya kisigino ya watoto wanaokua, wanaorukaruka sana wanayapata, dawa yake kubwa ni kupunguza kuruka na kumpa muda. Yule mama hakusema neno, alikaa chini kwenye godoro akauweka ule mguu mapajani kwake. Kuanzia siku ile ndo akawa anawatuliza wenzie benchini. Mimi sikumshinda kwa maneno, aliona kwa mkono wake.

Na hiyo haraka ya "mwenzake keshaanza", mpe hesabu. Nadia Comăneci wa Romania alipata ile alama 10 kamili yake kwenye Olimpiki ya Montreal mwaka 1976 akiwa na miaka 14, na wazazi wengi bado wamebaki na picha hiyo kichwani. Lakini tangu 1997 msichana haruhusiwi kushindana Olimpiki mpaka mwaka anaotimiza miaka 16. Yaani hata kama huyu binti ana kipaji cha ajabu bado ana miaka 7 mbele yake, sasa anakimbizwa wapi? Kaylia Nemour wa Algeria, Mwafrika wa kwanza kuchukua medali ya jimnastiki Olimpiki, alipata dhahabu ya bomba mbili, zile za kuning'inia na kujizungusha, Paris 2024 akiwa na miaka 17. Oksana Chusovitina wa Uzbekistan alishindana Tokyo akiwa na 46! Anayekandamizwa msamba na miaka 9 ndo huwa simuoni tena akifika 13, na nimewaona wengi wakiondoka hivyo, inaniuma mpaka leo.

Meseji za saa 5 usiku usizijibu usiku. Ukijibu mara moja umeshafungua duka. Andika kwenye grupu la wazazi kwamba maswali unajibu mpaka saa 1 jioni, la dharura wapige simu, na habari ya mtoto wa mtu haijadiliwi kwenye grupu, na video ya mtoto asiye wako haipandi status. Hili la video likazie sana, watoto wako na nguo za mazoezi, huyo mama anarekodi mwanzo mwisho na wa wenzie wamo humo humo.

Baba wa magodoro mshukuru, mshukuru tena mbele za watu, halafu mwambie ukweli: nafasi za onyesho zinapangwa kwa mahudhurio na kwa kile mtoto anachoweza bila kushikwa, na bandika ukutani kabla ya onyesho lijalo ili isionekane umemtungia yeye. Akidai magodoro yake mwanangu mrudishie. Ni afadhali mkaanza kuchangishana upya mia mia kuliko watoto 22 kujua kwamba nafasi inanunuliwa.

SWALI: Mwalimu habari za kazi. Binti yangu miaka 11 alikuwa anabinuka nyuma vizuri tu, mwezi huu ghafla amegoma, anasimama pale anatetemeka anarudi. Nimemwahidi simu mpya bado hataki. Ni uvivu huu au deko?
Baba mwenye wasiwasi, Morogoro

JIBU: Nzuri baba, karibu. Si uvivu na si deko. Simone Biles mwenyewe, bingwa wa jimnastiki wa Marekani, kwenye Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021, alipanga kujizungusha mara mbili na nusu hewani akajikuta ametoka na moja na nusu, akili na mwili vimeachana, hajui yuko wapi angani. Akajitoa kwenye fainali ya timu. Siku chache baadaye akarudi kwenye boriti akapata shaba, na Paris 2024 akachukua dhahabu tatu. Kama yeye aliacha kwa muda, binti yako ana haki ya kuacha kwa muda. Hiyo simu acha kabisa kuitaja, maana sasa ana hofu mbili, ya kuanguka na ya kukukosesha raha. Mwombe kocha amrudishe kwenye daraja na godoro laini, ashikwe kama anaanza, hata miezi miwili. Na wewe ukienda kumchukua usimuulize kama leo amebinuka, muulize amekula nini.