Video ya polisi imekatika sauti: je, imechezewa?

SWALI: Nilisimamishwa usiku na askari wa trafiki, akidai nimepita taa nyekundu. Mimi nina kamera kwenye dashibodi, na wakili wangu amefanikiwa kupata nakala ya video ya gari la polisi. Nimeiangalia mara nyingi. Sekunde 30 za mwanzo hazina sauti kabisa. Saa inayoonekana kwenye video yao inapishana na ya kamera yangu kwa dakika 4 na sekunde 10. Halafu kwenye dakika ya 7, askari akiwa amerudi dirishani kwangu, sauti inapotea karibu dakika 2 kisha inarudi. Mimi naona wameichezea, na ile nusu dakika ya mwanzo inatosha kuthibitisha. Klipu yangu nilimtumia wakili kwa WhatsApp, lakini upande wa pili umeikataa. Kadi yangu ni ya gigabaiti 64, na tangu siku ile nimeendesha gari siku mbili tu. Nifanye nini?

JIBU: Kabla hujaendelea kusoma, ndugu yangu, nenda kwenye gari, chomoa waya wa umeme wa kamera, subiri taa yake izime, kisha toa kadi. Kamera hizi huandika juu ya kazi yao wenyewe: kadi ikijaa, faili la zamani zaidi hufutwa ili jipya lipate nafasi. Kamera inayorekodi kwa ubora wa 1920 kwa 1080 hula kama gigabaiti 7 kwa saa, hivyo kadi yako hubeba takriban saa 9. Siku mbili za kuendesha huenda hazijafika huko, ndiyo maana nakuharakisha. Ila kama kamera yako imeunganishwa moja kwa moja na betri, inawezekana inarekodi hata sasa gari likiwa limeegeshwa, na kila anayepita mbele ya gari anasogeza tukio lako karibu na kufutwa.

Usijipe moyo kwamba faili la tukio lilijifunga lenyewe. Kihisi cha mtikisiko hufunga faili, yaani hulizuia lisifutwe, gari linapogongwa au linapofunga breki kwa nguvu. Wewe ulisimamishwa, ukapunguza mwendo, ukaegesha pembeni taratibu. Kwa kamera, dakika zile hazikuwa na tofauti na dakika za kwenda dukani.

Umeshatoa kadi? Sasa tuzungumze.

Zile sekunde 30 za mwanzo achana nazo. Kamera nyingi za magari ya polisi ziko macho muda wote wa zamu, lakini hazihifadhi kila kitu. Zinashika picha za nusu dakika au dakika moja iliyopita, zinaziachia, zinashika nyingine. Askari anapowasha taa za dharura juu ya gari, mfumo unaanza kuhifadhi, na ile nusu dakika iliyokuwa imeshikwa inabandikwa mwanzoni ili lile kosa lililomfanya awashe taa lionekane. Sehemu hiyo kwa kawaida haina sauti, na ni kwa makusudi, ili mazungumzo binafsi ya askari ndani ya gari lao yasinaswe. Rudi kwenye video uangalie jambo moja tu: je, sauti inaanza pale pale mwanga wa taa zao unapoanza kupiga kwenye bampa lako la nyuma? Kama ndivyo, mtambo ulifanya ulivyotengenezwa kufanya.

Nalisisitiza hili kwa sababu nimelishuhudia likiharibu kesi za watu. Wakili anasimama, anashikilia kimya cha mwanzo, anasema video imekatwa. Fundi wa upande wa pili anaitwa, anaeleza haya niliyokueleza kwa maneno machache, anakaa. Kuanzia hapo kila neno kuhusu video ile linasikika kama lawama ya mtu asiyeelewa mitambo. Inaniuma, maana mara nyingine jambo zito lilikuwa kwenye faili lile lile, dakika chache mbele.

Na kwako lipo. Umelitaja mwishoni kana kwamba ni dogo: dakika ya 7.

Sauti unayoisikia wakati askari yuko dirishani kwako haitoki kwenye kamera. Kamera iko mita kadhaa nyuma, nyuma ya kioo cha gari lao, haiwezi kusikia unachoulizwa. Askari huvaa maikrofoni ndogo isiyo na waya, mkandani au kifuani, nayo hurusha sauti hadi kwenye mtambo ulioko garini. Sauti hiyo inaweza kupotea kwa njia tatu. Mawimbi yanaweza kukatika, hasa askari akienda mbali au akizibwa na lori kubwa. Betri inaweza kwisha. Au mtu anaweza kubonyeza kitufe cha kunyamazisha, maana maikrofoni nyingi za aina hii zinacho. Betri ikiisha, sauti hairudi baada ya dakika 2. Mawimbi yakisumbua, mara nyingi utasikia maneno yakikatika-katika kabla ya kupotea. Kitufe kikibonyezwa, sauti hukatwa kama kwa wembe na hurudi vilevile. Hata hivyo sikio peke yake lisikuongoze, kwa kuwa maikrofoni za kidijitali zikipoteza mawimbi nazo hunyamaza ghafla bila mkwaruzo. Kinachomaliza ubishi ni logi ya mfumo. Mifumo mingi huandika kila tendo na saa yake: taa za dharura zimewashwa, maikrofoni imeunganishwa, maikrofoni imenyamazishwa, faili limepakiwa, fulani amelifungua. Mwambie wakili aombe logi hiyo kwa jina, pamoja na faili la asili katika fomati yake, wala si nakala iliyogeuzwa kuwa MP4 kwa ajili ya kutazamwa. Faili la asili mara nyingi lina njia mbili za sauti, moja ya maikrofoni ya askari na nyingine ya ndani ya gari la polisi, na programu za kawaida za kuchezea video huweza kukusikilizisha moja tu. Nimewahi kuletewa "video bububu" ambayo njia yake ya pili ilikuwa nzima kuanzia mwanzo hadi mwisho. Barua ya ombi hilo iende leo au kesho, kwa sababu vikosi vina muda wa kutunza video, na muda ukipita hufutwa bila mtu yeyote kuwa na nia mbaya.

Kwa nini nakazania sauti kuliko picha? Kumbuka Sandra Bland, mwanamke aliyesimamishwa na polisi Texas, Marekani, tarehe 10 Julai 2015 kwa kutowasha indiketa alipobadilisha njia. Kamera ya gari la polisi ilinasa mazungumzo yakianza kwa utulivu, kisha askari akamtaka azime sigara, kisha sauti zikapanda. Sehemu ya kukamatwa kwake ilitokea nje ya upeo wa kamera. Kilichobaki ni gari lake pembeni mwa barabara na maneno yao. Bila maikrofoni, dunia ingebaki na picha ya gari lililoegeshwa. Siku tatu baadaye alikutwa amefariki mahabusu. Video ilipotolewa hadharani, watu waliona magari yakitoweka na vipande vikijirudia, wakasema imehaririwa. Mamlaka ikajibu kwamba ilikuwa hitilafu wakati wa kupakia, ikaweka nakala nyingine. Nakala ya mtandaoni haiwezi kutatua mabishano ya aina hiyo. Faili la asili na logi vinaweza. Mwaka 2019 ikajitokeza video ya sekunde 39 ambayo Bland mwenyewe aliirekodi kwa simu akiwa ndani ya gari. Kwa mara ya kwanza umma ukamwona askari kutoka pale alipokuwa ameketi yeye. Kamera mbili, tukio moja, na kila moja ilikuwa na kitu ambacho mwenzake hakuwa nacho.

Urefu wa muda nao una uzito wake. Marekani, mwaka 2015, Mahakama ya Juu iliamua katika kesi ya Rodriguez kwamba askari hawezi kurefusha usimamishaji kupita muda unaohitajika kwa kosa lenyewe, bila sababu ya msingi ya kushuku jambo jingine. Kilichobishaniwa kilikuwa dakika 7 au 8 za kusubiri mbwa wa polisi anuse gari kutafuta dawa za kulevya. Sheria ya mahali ulipo ataieleza wakili wako, lakini ona jinsi kesi nzima inavyoweza kusimama juu ya dakika chache, na kwamba ni rekodi yenye saa ndiyo inayozionyesha.

Hapo tunafika kwenye zile dakika 4 na sekunde 10. Hazinishangazi. Mfumo wa polisi kwa kawaida huchukua saa kutoka kwa setilaiti au mtandao. Kamera yako, kama haina GPS, ina kisaa kidogo cha kwazi (quartz), na kisaa cha kawaida cha namna hiyo hupotea sekunde moja hadi mbili kwa siku, yaani nusu dakika hadi dakika moja kwa mwezi. Kama hukuirekebisha kwa miezi minne au mitano, hesabu inakubali. Usirekebishe saa hiyo sasa! Kwanza washa kamera bila kadi yako ya ushahidi, chukua simu yenye saa inayojirekebisha kwa mtandao, ishike mbele ya lenzi au iweke kando ya skrini ya kamera, na kwa simu nyingine upige picha saa zote mbili zikionekana pamoja. Ukirudia baada ya wiki, utajua kisaa kinapotea sekunde ngapi kwa siku, na mtaalamu ataweza kurudi nyuma hadi usiku ule. Ukirekebisha saa kabla ya kupiga picha hiyo, kipimo kimeondoka.

Kuhusu klipu iliyokataliwa, upande wa pili una hoja. Video ikitumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hubanwa upya: ukubwa hupungua, ubora wa picha hushuka, na taarifa zilizofichwa ndani ya faili kuhusu kamera na muda huondoka. Kilichomfikia wakili ni video nyingine inayofanana na ya kwako. Kutuma kama dokumenti huliacha faili lilivyo, lakini kwa ushahidi hata hiyo naiona ni njia ya mkato. Fanya hivi. Weka kadi kwenye adapta yake, sogeza kile kitelezi cha pembeni kwenye upande wa kufunga, ndipo uichomeke kwenye kompyuta, kwa sababu kompyuta nyingi huandika vitu vyake kwenye kadi pindi tu zinapoiona. Nakili folda zote, siyo faili moja. Kamera hukata safari katika vipande vya dakika 1, 3 au 5, na usimamishaji wako utakuwa umelala kwenye vipande kadhaa; ukileta kimoja utaulizwa vingine viko wapi. Kisha toa hashi ya kila faili, yaani alama ya utambulisho inayokokotolewa kutoka kwenye faili lenyewe. Kwenye Windows ni amri ya certutil -hashfile ikifuatiwa na jina la faili na neno SHA256. Itakupa herufi na tarakimu 64. Ikibadilika hata nukta moja ndani ya video, tarakimu zile zote zinavurugika. Ziandike, weka tarehe, tia saini, mkabidhi wakili, na kadi yenyewe iingie kwenye bahasha isiyofunguliwa tena ila na mtaalamu.

Neno fupi juu ya taa nyekundu yenyewe. Usichague picha moja iliyosimama ukasema taa ilikuwa imezima. Taa za LED huwaka na kuzima kwa kasi ambayo jicho halioni, na kamera inayopiga fremu, yaani picha moja moja, 30 kwa sekunde huweza kuangukia pale zilipozima. Tazama fremu nyingi mfululizo. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa gari husogea sentimita 55 hivi kati ya fremu moja na nyingine, kwa hiyo mstari wa kusimamia uliuvuka kwenye fremu ipi ni jambo linalopimika. Umbali usiukadirie kwa macho, maana lenzi pana husukuma vitu mbali kuliko vilivyo.

Kamera yako nayo ina sheria zake. Mahali pengine kurekodi sauti ya mtu kunahitaji ajue. Ujerumani, mahakama ya juu ya shirikisho iliamua Mei 2018 kwamba kurekodi barabara mfululizo bila sababu kunakiuka ulinzi wa taarifa binafsi, na bado ikakubali video hiyo itumike kama ushahidi katika kesi ya madai. Kwa hiyo mwulize wakili juu ya sauti kabla hujaisambaza kwa mtu yeyote. Na siku ukisimamishwa tena, mikono ibaki kwenye usukani. Usiinyooshe ghafla kuigusa kamera, gizani askari haoni unashika nini. Sema tu kwa sauti ya kawaida, "Afande, kamera yangu inarekodi." Maneno hayo nayo yanaingia kwenye rekodi zote mbili.

Ukishapata faili lao la asili na yako yamenusurika, mtaalamu atayaweka pamoja bila kutegemea saa ya yeyote. Atatafuta sauti iliyonaswa na pande zote: mlango wa gari la polisi ukifungwa, honi ya lori lililopita, askari akigonga kioo chako. Mshindo mmoja kabla ya dakika ya 7 na mwingine baada ya sauti yao kurudi vinatosha kufunga rekodi mbili pamoja. Maikrofoni ya kamera yako iko ndani ya gari lako, nusu mita kutoka kwenye dirisha alilosimama askari, na haijui kwamba ya kwake ilinyamaza. Yaliyosemwa pale yatakaa juu ya kimya chao, sekunde kwa sekunde.