Kabla ya vyungu, tafuta maji ya mvua

Dada, umeuliza jambo ninaloishi nalo kila siku, kwa hiyo nivumilie nikiandika kwa urefu. Umesema una ua wa saruji nyuma ya nyumba huko Njiro, Arusha, ukuta pande zote, hakuna hata sehemu ndogo ya ardhi. Unataka uujaze maua ya kwenye vyungu, na Jumamosi watu wakaribie waone. Umeuliza ununue maua gani kwanza. Ushauri wangu ni kwamba usinunue ua hata moja kabla hujaweka gata, yaani mfereji wa kukinga maji ya paa, na simtanki, tenki la plastiki.

Mimi niko Sakina, Arusha hapahapa. Ua wangu ni mita 5 kwa 7 na una vyungu kama 140 ukihesabu na ndoo za rangi. Mwaka wa kwanza nilimwagilia kila kitu kwa maji ya kisima kirefu tunachochangia mtaani. Bugenvilia zilichanua, mishubiri ikanenepa. Lakini masale, ile mimea ya majani marefu ya Wachaga, aliyonipa bibi yangu yakaanza kukauka ncha. Si jani zima, ncha tu, rangi ya kahawia iliyokolea, na kati ya kahawia na kijani kuna mstari mwembamba wa njano, kama karatasi iliyosogezwa karibu na moto ikatolewa. Nikadhani ni kiu, nikaongeza maji. Zikazidi kuungua. Ile mimea midogo yenye majani ya mistari meupe, inayoning'iniza watoto wake, nayo ikafuata.

Bwana shamba mmoja alipoona akaniuliza swali moja tu: "Watoto waliokulia hapa meno yao yakoje?" Nikaelewa papo hapo. Sote tunayajua hayo meno ya kahawia. Ni floridi, aina ya madini, inatoka kwenye miamba ya volkano ya Mlima Meru na kuingia kwenye maji ya ardhini. Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 kwa lita, na vipo visima vingi kuzunguka mlima huu vinavyopita kiwango hicho mara kadhaa. Mmea ukinywa maji hayo, maji yanatoka kupitia majani kama mvuke, floridi inabaki na kujikusanya mwishoni mwa jani. Ndiyo maana ncha ndiyo inayoungua. Kuchemsha hakusaidii, maana maji yanapungua na floridi inabaki palepale. Na ncha iliyokauka hairudi kijani tena, unasubiri majani mapya.

Maji ya mvua hayana shida hiyo. Hesabu yake ni rahisi: milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ya paa ni lita 1. Upande wa paa langu unaomwaga kwenye gata una mita za mraba 40, kwa hiyo mvua moja nzuri ya milimita 20 inanipa lita 800 kasoro zinazorukia nje. Masika ikikolea mwezi wa nne, tenki la lita 2,000 linajaa kwa siku chache. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi usiiingize, iache ioshe vumbi na kinyesi cha ndege kwanza.

Lita 2,000 hazitoshi vyungu 140 hadi vuli, na hapo ndipo wengi wanakata tamaa. Usikate tamaa, gawa. Maji ya mvua nawapa wanaoungua tu: masale na ndugu zake wote wa jamii ya drasena, ile ya mistari meupe, na maranta. Wengine wote wanakunywa ya kisima bila kinyongo. Kwenye udongo wa hao wachache naweka kijiko cha chakula cha chokaa ya kilimo kwa kila ndoo ya lita 20, kwa sababu udongo wenye asidi unaurahisishia mmea kufyonza floridi. Mbolea ya supafosfeti siwapi kabisa, nayo inakuja na floridi yake.

Udongo wenyewe sitakuchosha nao. Ndoo mbili za udongo wa juu, moja ya samadi ya ng'ombe iliyooza hadi haina harufu, moja ya zile changarawe nyepesi za volkano zenye matundu kama sponji. Changanya zote pamoja. Usitandaze kokoto chini ya chungu kama unavyoambiwa kila mahali, maji yanasimama juu ya kokoto na mizizi inaoza hapohapo. Tundu la chini ndilo la lazima. Vyungu vipya vya saruji vijaze maji, uyabadilishe mara kadhaa kwa wiki mbili tatu kabla ya kupanda, maana chokaa yake ni kali kwa mizizi.

Sasa habari ya jua, na hapa nakuomba usome taratibu, kwa sababu ndiyo raha yenyewe ya bustani ya vyungu. Sisi tuko kusini kidogo tu ya ikweta, digrii tatu na ushee. Mwezi wa sita jua la saa sita mchana linakaa upande wa kaskazini, na ukuta wako wa kaskazini unatupa kivuli cha zaidi ya mita moja ndani ya ua. Mwezi wa kumi na mbili linahamia kusini, na kivuli hicho kinahamia chini ya ukuta wa kusini. Aliyepanda ardhini hana la kufanya. Wewe unabeba. Mimea yangu ya kivuli, feni na begonia, naihamisha mara mbili kwa mwaka, mwezi wa tatu na mwezi wa kumi, jua linapopita utosini. Miaka miwili ya mwanzo sikujua hili, nikawa nanunua feni mpya kila Januari nikidhani nina mkono mbaya.

Kuhusu wageni. Acha njia ambayo watu wawili wanapishana bila kugusa chungu. Mimi siingizi zaidi ya watu wanane kwa wakati mmoja. Visahani vya chini ya vyungu namwaga kila Jumapili na tenki nimelifunika kwa wavu, kwa sababu mbu wa dengue hutaga kwenye maji kidogo kama hayo, na siku saba hadi kumi zinamtosha kuwa mbu kamili. Na angalia mimea yenye sumu. Mtoto wa mgeni wangu aliwahi kutafuna jani la difenbakia lililokuwa usawa wa uso wake. Mdomo ulivimba, akalia hadi sauti ikakauka, tukakimbia naye zahanati. Alipona, lakini mama yake nilimwomba radhi nikiwa natetemeka. Siku ileile difenbakia, mnyaa na yale maua ya tarumbeta vilihamia nyuma ya wavu wa kuku. Wewe anza hivyo kabla hujamkaribisha mtu.

Kiingilio sitozi. Wanaotaka wanaleta pingili, na nusu ya bustani yangu imekuja kwa njia hiyo. Mzee mmoja wa Kibosho, Uchagani, alikuja na mjukuu wake, nikamwamkia, akaitikia, akaenda moja kwa moja hadi kwenye masale akasimama.

"Mwanangu, haya tunapanda mpakani mwa kihamba, shamba la ukoo, na makaburini. Ukimkosea mtu unampelekea jani lake kuomba msamaha. Wewe umeyaweka kwenye ndoo ya rangi?"

Nikamwambia, "Babu, sina kihamba. Bibi alinikatia akasema nisikae kwenye nyumba isiyo nayo."

Hakujibu. Akashika jani la chini kabisa, la zamani, lile lenye ncha iliyoungua ambalo sijalikata ili niwaonyeshe watu. Akapitisha kidole gumba taratibu toka kwenye kijani hadi kwenye kahawia. Akauliza ni ugonjwa gani, nikampeleka hadi kwenye tenki nikamweleza. Mwezi uliofuata alirudi na pingili tatu za kihambani kwake, amezifunga kwa jani la mgomba lililolowa. Ziko kwenye chungu cha mlangoni, na zote tatu zimechipua.

Pima paa lako, dada, urefu na upana wa upande unaomwaga uani, uandike hapa. Nitakuhesabia tenki la ukubwa gani linakutosha.