Barua kwa mwanangu mwenye blenda mpya

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeupata. Sisi huku Tanga hatujambo, ila baba yako na goti lake. Umeniuliza mbona juisi yako ya pasheni inakuwa chungu na ina chenga nyeusi, na kama unaweza kuwapa wajukuu zangu juisi kila siku badala ya soda. Nilitaka kukupigia, nikaona ya simu utayasahau. Hii ubandike jikoni.

Pasheni haina kosa. Unaisaga mno, na kokwa zikisagika hutoa uchungu. Kwangua nyama yake, tia maji kidogo, bonyeza blenda na kuiachia mara tatu au nne tu, kokwa ziachane na ule utando, kisha chuja. Pasheni chuja, ukwaju chuja, ila embe, nanasi na papai uyaache na nyama zake. Najua umeona nikichuja kila kitu tangu u mdogo, lakini mimi nilikuwa nauza, na mteja anataka kitu laini. Wewe unalisha watoto. Yale makapi unayomwaga ndiyo yanayosaidia sukari ya tunda iingie mwilini taratibu, na choo cha mtoto kiwe laini.

La pili ni gumu kidogo. Juisi hata usipoitia kijiko cha sukari, ina sukari yake. Glasi ya mililita 250 ya machungwa matupu ina kama gramu 20, yaani vijiko vidogo vitano. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2015, linaihesabu sukari ya juisi kapu moja na ile tunayoitia kwenye chai. Mpe mtu machungwa matatu ya Muheza ayamenye na kuyala, atatosheka. Mkamulie, atayanywa kwa pumzi moja na kuulizia mengine. Kwa hiyo huyo wa miezi minane, hapana kabisa mpaka atimize mwaka, na asali pia usimlambishe. Wa miaka miwili, mililita 120 kwa siku, nusu kikombe cha chai. Mkubwa wa miaka mitano aongezewe kidogo, isizidi 180. Wanywe wakati wa kula. Mtoto kuzurura na chupa ya juisi kutwa nzima ni kuyaozesha meno.

Unasema bila sukari hawainywi. Wamezoeshwa, na watazoea tena. Punguza kijiko kimoja kila wiki, usiwatangazie. Nunua embe lililoiva mpaka linanukia. Nanasi lisagie na tangawizi kidogo, na ukwaju uchanganye na embe ili ukali upungue. Ukwaju wenyewe robo kilo unatosha lita mbili: uloweke katika maji yaliyochemshwa, yakiwa ya vuguvugu, kwa nusu saa, uufikiche kwa mkono safi. Tumia bakuli la kioo au la plastiki. Usiulaze kwenye sufuria ya alumini, maana ule uchachu unakwangua madini.

Sasa maji, na hapa nisikilize sana. Unakumbuka ile ndoo yangu ya juisi pale nje ya shule? Kuna siku bwana afya aliimwaga yote mbele ya wateja. Kipindupindu kilikuwa kimeingia mjini, na mimi maji ya juisi nilikuwa nachemsha vizuri, ila barafu niliigandisha kwa maji ya bomba. Nilimkasirikia wiki nzima, lakini alikuwa na haki. Maji yachemke sawasawa, na ya barafu hali kadhalika. Matunda uyaoshe kabla ya kuyamenya, hata tikiti ambalo ganda lake hulili, kwa kuwa kisu kinapita kwenye ganda kikiuingiza uchafu ndani. Na ile mpira iliyo chini ya visu vya blenda uing'oe uioshe, ukiinusa utanielewa. Juisi isikae mezani zaidi ya saa mbili, na kwa joto la Dar es Salaam saa moja. Ya friji imalizike kesho yake.

Bitiruti uliyoambiwa inaongeza damu haina chuma kingi. Inywe kama unaipenda, ila mkojo ukitoka mwekundu usikimbilie hospitali. Damu utaipata kwenye maini, dagaa na maharage. Hapo chungwa lina kazi kweli: ukilila pamoja na maharage, mwili unakifyonza chuma vizuri zaidi. Chai ndiyo inayokizuia, kwa hiyo isubiri.

Mama mkwe wako anatumia dawa za presha. Balungi usimkamulie mpaka aulize kwa daktari, kwa sababu linagombana na baadhi ya dawa hizo na kuzifanya zizidi nguvu mwilini. Mwambie kwa adabu, asidhani unamnyima.

Ukwaju kilo mbili nimeshaufunga, kesho nautia kwenye basi la asubuhi. Umo kwenye mfuko wa bluu, pamoja na machungwa. Hayo machungwa msiyakamue.

Mama yako